Godoro nililomtumia mama likamshinda

Assalamu alaikum, hamjambo nyote wa Mombasa, na nyinyi mlioko mbali kama mimi. Leo nimewasha kamera nikiwa kitandani, msinicheke. Huku Leicester, Uingereza, ni baridi na bili ya gesi si mchezo, kwa hivyo blanketi halinitoki. Kila wiki kuna mtu ananiandikia: dada, hilo godoro lako linalobonyea kwa mkono likabaki na alama, nitalipataje huku? Jibu langu ni kwamba usilitake. Ngoja niwaeleze yaliyonikuta.

Mwaka juzi nilinunua moja kama hili, yale yanayokuja yamekunjwa ndani ya boksi, ukilifungua linafura taratibu kama andazi. Nikalitia kwenye kontena pamoja na pipa la nguo, likaenda Kuze, mtaa wetu Mombasa, kwa mama. Mwenyewe nikafuata Disemba, kaskazi inavuma na joto limepamba. Usiku wa tatu naamka kunywa maji, namkuta mama amelala chini juu ya mkeka, dirisha wazi. Akaniambia, "Mwanangu, godoro lako lanikumbatia kama mtu mwenye homa."

Wallahi kosa lilikuwa langu. Sponji hii, wanayoiita memory foam, hulainishwa na joto. Huku Januari nikijitupa juu yake ni ubao, mpaka mwili uipashe ndipo ilegee. Mombasa haina haja ya kungoja mwili, hewa yenyewe imeshaipasha, imekuwa bokoboko. Ukilala unazama, ukizama upepo haukupiti ubavuni, na usiku mzima ni jasho. Ilibuniwa mwaka 1966 kwa ajili ya viti vya ndege, katika kazi iliyogharamiwa na NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Walimfikiria rubani, si bibi wa Kuze.

Na halikuingia hata kitandani! Dabo ya Uingereza ni sentimita 135 kwa 190. Kitanda cha mama ni futi nne kwa sita, yaani kama sentimita 122 kwa 183. Godoro likapanda juu ya mifumbati huku na huku, na shuka zangu za lastiki zikakaa bure kabatini. Kabla hujatuma chochote cha kulalia, piga simu, waambie wapime kwa futi.

Basi tukaenda madukani Mwembe Tayari, mimi, mama na kakangu. Muuzaji akapiga godoro ngumi mbili, "Hili gumu mama, dawa ya mgongo." Tumelelewa na maneno hayo. Lakini mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa Uhispania: watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, wengine wakapewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90 waliolalia ya wastani ndio walioonekana wamepata nafuu zaidi. Kwa hivyo ngumi ya muuzaji haikwambii kitu, jilaze mwenyewe. Mama akakataa, haya zimemshika na buibui lake, watu wanapita. Kakangu akasimama mlangoni kama askari, ndipo mama akalala. Nikapitisha kiganja chini ya kiuno chake. Kikipita kama hakuna mtu, godoro ni gumu mno. Kikikwama kabisa, amezama. Tulijaribu manne. La nne, la inchi nane, ndilo kiganja kilipopita kwa kujisukuma kidogo.

Na hapo nyumbani vita vikaanza, maana mama hataki kuondoa nailoni. "Litachafuka, wajukuu watakojoa." Wapenzi, iondoeni! Nailoni hairuhusu jasho kutoka, unyevu unarudi kwako na sponji inavunda. Tulimshonea mfuko wa pamba wenye zipu, ukichafuka unafuliwa. Tena tazameni chini: fundi akikupigilia plaiwudi nzima badala ya chaga, kwa unyevu wa pwani utaota ukungu upande usiouona. Chaga ziachane, hewa ipite, lakini zisiachane sana mpaka godoro likabonyea katikati.

Mto sikununua. Mama ana takia lake la sufi tangu enzi za bibi, kila mara hulianika juani na kulipigapiga, na kwa yeye alalaye ubavu linajaza sawasawa nafasi ya kutoka bega hadi sikio. Mlalao chali mnahitaji lililo jembamba kidogo, na mlalao kifudifudi mkiweza msiweke kitu. Takia lako la sponji ukilikunja mara mbili ukaliachia na lisifunguke, limekwisha kazi, hata kama foronya yake ni mpya.

Najua mtaniuliza kwenye maoni, lile la boksi liko wapi? Kulirudisha Leicester haikuwezekana, huku duka hukupa muda wa kulijaribu lakini si ukiwa Kuze. Kakangu alimpelekea fundi wa makochi, akalikata vipande, akavitia vitambaa vya maua. Mkipita kwetu jioni mkawaona wazee wanakunywa kahawa tungu barazani, mmoja wao ameshindwa kusimama mpaka avutwe mkono, hilo ndilo godoro langu.