Fomu haitibu mtu

Mhadhara wa muuguzi mstaafu, Ngamiani, Tanga, katika Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia

Shikamooni mlionizidi. Waliobaki, marahaba.

Nimeambiwa nizungumzie mapengo ya sera. Mwenyekiti ameshawasomea MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wa kwanza na wa pili, mimi sirudii. Mnanijua, nina neno langu moja na mmeshalichoka: PF3, ile fomu ya polisi anayokwenda nayo hospitali mtu aliyeumizwa. Mtalisikia tena.

Ijumaa moja niko zamu ya usiku. Saa tatu, mama kashuka kwenye bodaboda na binti yake. Binti kajifunga kanga mbili, moja kiunoni, moja kichwani mpaka macho hayaonekani, kandambili iko mguu mmoja. Mama ananinong'oneza: mwanangu kaharibiwa, saa moja hii, akitoka kisimani. Mnajua nilimjibu nini? Hata pole sikumpa. Nilimwambia, "Mama, PF3 iko wapi?" Ndiyo, mimi huyuhuyu mnayempigia makofi. Sisi Watanga tunataniwa waja leo waondoka leo. Huyo kweli alikuja leo akaondoka leo, tena na bodaboda ileile.

Kituo kidogo cha polisi wakaambiwa fomu zimekwisha, nendeni kituo kikubwa. Jumamosi nauli hakuna. Jumapili wazee wa ukoo wamekaa, wanataka yaishe kindugu. Jumatatu fomu ikapatikana, na eti mama kadaiwa hela ya kopi. Fomu ya serikali, ya bure! Akanirudia Jumatatu saa tatu usiku, karatasi kaitia kwenye mfuko wa mkate isilowe.

Haya, hesabuni nami. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, na kila unapowahi ndipo zinaposaidia zaidi. Ijumaa saa moja mpaka Jumatatu saa moja, 72 zimetimia. Kachelewa saa mbili. Na mara ya kwanza aliposimama mbele yangu zilikuwa zimepita saa mbili tu. Dawa ziko kabatini, ufunguo ninao mfukoni.

Najua kuna mtu pale nyuma anasema bila PF3 kesi itakufa. Nani kakwambia? PF3 ni ombi la polisi kwa daktari, amchunguze mtu aandike alichokiona. Si kibali cha matibabu. Na Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Mtibu, mpime, andika kwenye faili lake. Fomu ikija utaijaza.

Mwingine ataniambia, "Sista, siku hizi kuna Vituo vya Mkono kwa Mkono, polisi, daktari na ustawi wa jamii wote mahali pamoja." Vipo, na navisifu. Lakini vingi viko hospitali kubwa. Huyu wa ndani huko Kilindi, anayefika zahanati kwa miguu, mkono wake aushike nani?

Ninachotaka hakihitaji warsha wala posho. Fomu zikae zahanati. Muuguzi akishaanza huduma, apige simu Dawati la Jinsia, polisi ndiye apande bodaboda. Aliyeumizwa abaki kitandani. Nimelisema hili kwenye vikao vingi mpaka wapishi wa chai wanalijua kwa moyo.

La pili, haraka haraka. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Rufani mwaka 2019, zikasema vifungu hivyo virekebishwe, na serikali ikapewa mwaka mmoja. Vidole mnavyo, hesabuni.

La tatu, mume kumbaka mkewe. Kanuni ya Adhabu, hata baada ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, inamwacha bila kosa mpaka wawe wametengana. Naona kina baba mmeanza kukohoa. Hilo linataka siku yake, na mwenyekiti keshaangalia saa mara mbili. La nne naliacha.

Yule binti? Kila mwaka mnaniuliza alipopimwa ilikuwaje. Majibu ni yake, siwapi. Mwenyekiti, nipe maji ninywe.