Mpiga Saksafoni wa Klasiki Mbele ya Noti Zenye Damu ya Jazi

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Jioni hii nina swali moja tu: mpiga saksafoni aliyefunzwa katika mkondo wa klasiki afanye nini anapowekewa mbele yake utunzi uliochovywa katika jazi? Wengi humshauri awaige wanajazi. Mimi naona ushauri huo unamwonea mtunzi na unamwonea mpigaji pia.

Historia nitaipitia upesi. Mbelgiji Adolphe Sax alipata hataza ya ala hii mjini Paris mwaka 1846, jazi ikiwa haijazaliwa. Aliifundisha katika Conservatoire, chuo cha muziki cha jiji hilo, kuanzia 1857 hadi 1870, kisha darasa likafungwa, na halikufunguliwa tena hadi mwaka 1942 lilipokabidhiwa mpiga saksafoni Mfaransa Marcel Mule. Katika muda wote huo ala ililelewa na bendi za kijeshi, na baadaye na bendi za dansi na za jazi. Mule mwenyewe alipiga dansi mjini Paris miaka ya 1920, na mtetemo wa sauti alioutia katika upigaji wa klasiki aliuchota humo. Anayedai kwamba saksafoni ya klasiki haijaguswa na jazi anaikana nasaba yake.

Watunzi nao hawakungoja. Mfaransa Darius Milhaud, baada ya kusikiliza jazi Harlem, mtaa wa New York, mwaka 1922, alitunga muziki wa baleti La création du monde mwaka uliofuata, na humo akampa mpiga saksafoni alto nafasi ambayo kwa kawaida ni ya viola, ala ya nyuzi iliyo kubwa kidogo kuliko fidla.

Lakini utunzi ninaotaka tuukazie macho ni Hot-Sonate ya Erwin Schulhoff, mzaliwa wa Praha, ya mwaka 1930, kwa saksafoni alto na piano. Mwanajazi akikuta noti mbili zinazogawana pigo moja huirefusha ya kwanza na kuifupisha ya pili. Ndiyo swingi hiyo. Schulhoff, kinyume chake, ameiandika midundo yake ya kukwepa pigo kwa uangalifu mkubwa, kila noti na urefu wake. Mpigaji akiongeza swingi yake juu ya ile iliyokwisha kuandikwa, anapishana na piano, na mchezo ambao mtunzi aliupima unavurugika. Hapa anachotakiwa kukibadilisha ni ulimi, ambao ndio unaoigonga noti inapoanza. Darasani amezoeshwa kuigonga kila noti kwa usawa. Sasa aigonge kwa nguvu ile inayoangukia kati ya mapigo, kisha aiunganishe na inayofuata bila kuigonga tena.

Sehemu ya tatu ndiyo mtihani wenyewe. Mtunzi anaagiza ipigwe kwa maombolezo, lakini yenye kinyago kingi, yaani ucheshi wa kutia chumvi unaokaribia kutisha, na sauti iteleze kutoka noti hadi noti. Ili iteleze, taya lilegee na vidole viachilie vibonyezo polepole, jambo ambalo mwanafunzi wa klasiki ameonywa dhidi yake tangu siku ya kwanza. Wengi huliona kuwa ni aibu, wakateleza kidogo tu, kwa adabu. Adabu hiyo huua kinyago, na bila kinyago maombolezo yanabaki kuwa wimbo wa kawaida wa huzuni.

Sonata ya Phil Woods inadai jambo jingine kabisa. Woods alikuwa mwanajazi aliyesomea klarineti Juilliard, chuo cha muziki cha New York, na katika sonata hiyo ameacha mahali ambapo mpigaji abuni papo kwa papo. Hapo kurasa hazimsaidii. Asiyeweza kubuni naweza kumruhusu aandike noti zake nyumbani na kuzikariri, mradi azijenge juu ya sauti alizozisikia katika sehemu zilizotangulia. Nisichokikubali ni yule anayefika hapo akaanza kupanda na kushuka ngazi za mazoezi, kana kwamba mwalimu amesimama nyuma ya pazia na kalamu ya alama.