Kejeli Baada ya Kura: Vichekesho vya Runinga ya Kenya Tangu Enzi ya Moi

Mabibi na mabwana, wahadhiri wenzangu na wanafunzi wa mawasiliano, hamjambo.

Mada niliyokabidhiwa ni kejeli ya kisiasa katika vichekesho vya runinga, nami nimeomba ruhusa ya kuibana kidogo, ili tukitazame kipindi ambacho watafiti wetu hukiruka, yaani miezi ile inayofuata baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa. Wakati wa kampeni, kumwigiza mwanasiasa si kazi ngumu, kwani kila mgombea yuko jukwaani na ahadi zake karibu zijichekeshe zenyewe. Kura zikishahesabiwa mambo hugeuka: aliyeshinda hudai heshima, aliyeshindwa hutamani kisasi, na watazamaji waliokuwa wakicheka pamoja huanza kuulizana ni nani anayechekwa. Hoja yangu ni kwamba wachekeshaji wa Kenya walifaulu zaidi walipoyaiga mamlaka kuliko walipomwiga mtu, na kwamba uchaguzi ndio uliowaumbua au kuwatukuza.

Mnakumbuka, au mmesimuliwa, jinsi taarifa ya habari ya shirika la utangazaji la taifa ilivyoanza enzi za Daniel arap Moi, aliyetawala kuanzia 1978 hadi 2002. Iwe kumenyesha au kumekauka, habari ya kwanza ilikuwa Mtukufu Rais leo amefanya hili, Mtukufu Rais leo amesema lile. Shirika hilo hilo lilikuwa na vichekesho vyake, na wengi wetu tumelelewa na Vitimbi na Vioja Mahakamani. Lakini ucheshi wa Mzee Ojwang' na Mama Kayai ulikaa sebuleni, na ule wa Vioja ulikaa kizimbani. Mume mbahili alichekwa, mshtakiwa mwongo alichekwa, rais hakuguswa. Hata baada ya mfumo wa chama kimoja kuondolewa kisheria mwishoni mwa 1991, ilichukua miaka kadhaa kabla ya mtu kuthubutu kumwigiza mkuu wa nchi mbele ya kamera.

Waliothubutu walikuwa vijana watatu waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta: Walter Mong'are, ambaye wengi walimjua kwa jina la Nyambane, Tony Njuguna, na John Kiarie, maarufu kama KJ. Kundi lao lilijiita Redykyulass, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 runinga ya Nation iliwafikisha majumbani. Mtazameni Moi wa jukwaani alivyojengwa: suti iliyonyooka, ua kwenye ukosi wa koti, rungu mkononi, na sauti ya mkwaruzo inayotoka kooni na kusita kidogo kabla ya neno zito, kama mtu anayewapa wasikilizaji nafasi ya kujiandaa kupiga makofi. Ufundi wenyewe ulikuwa katika kule kusita. Kwa zaidi ya miaka 20 sauti hiyo ilikuwa imesikika kila jioni bila kujibiwa, na sasa ilikuwa ikitoka kinywani mwa kijana asiye na cheo wala ulinzi. Mtazamaji alicheka kwa sababu uigaji ulikuwa sahihi, kisha akashtuka kwamba amecheka na hakuna aliyekuja kumkamata.

Ukafika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2002. Mwai Kibaki wa NARC, muungano wa vyama vya upinzani, alimshinda Uhuru Kenyatta wa KANU, chama cha Moi, kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura, na siku tatu baadaye akaapishwa katika bustani ya Uhuru akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali ya gari aliyoipata wakati wa kampeni. Umati ulimzomea Moi na kuimba kwamba yote yawezekana bila Moi. Kwa wachekeshaji, hiyo ilikuwa furaha yenye utata, kwani walikuwa wamempoteza mhusika wao mkuu. Walioishi katika jamii za watani kule Tanzania wanamfahamu mtani wa msibani, anayevaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake mbele ya wafiwa, na anavyoruhusiwa kufanya hivyo kwa sababu marehemu hatarudi. Moi wa jukwaani aliendelea kuchekesha baada ya 2002, lakini kwa ruhusa hiyo ya mtani, bila hatari yoyote, na kejeli isiyo na hatari hugeuka haraka kuwa kumbukumbu tamu za enzi iliyopita.

Kibaki naye hakuwa rahisi kuigwa. Alizungumza kwa nadra, hakupenda jukwaa, na matusi yake machache ya hasira, ambayo sitayarudia mbele ya hadhira hii ingawa nyote mnayajua, yalikuwa tayari yamegeuzwa utani mitaani. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa la kimuundo. Kashfa iliyoitikisa serikali yake kuanzia 2004, ile ya Anglo Leasing, ilihusu mikataba na kampuni hewa. Kampuni hewa haina sauti ya kuigwa, haina rungu, haina ua kwenye koti. Wachekeshaji waliokuwa wamezoea kuuchekea uovu kupitia mwili wa mtu mmoja walijikuta hawana pa kuushika uovu uliokaa kwenye makaratasi. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba sehemu kubwa ya kazi ya miaka iliyotangulia ilikuwa uigaji wa mtu, na kiti chake kilikuwa kimebaki pale pale bila kuguswa.

Baada ya kura ya Desemba 2007 hapakuwa na la kuchekesha. Matokeo yalitangazwa tarehe 30, Kibaki akaapishwa jioni hiyo hiyo Ikulu, serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwang'oa mamia ya maelfu kutoka makwao. Jambo moja la miezi ile linatuhusu moja kwa moja sisi tunaosoma vichekesho. Ucheshi wa Kenya ulikuwa umeegemea mno lafudhi. Ilitosha mchekeshaji kuongea Kiswahili cha Mluo, cha Mkikuyu au cha Mkalenjin, na ukumbi ukaangua kicheko kabla hata ya hoja kutolewa. Baada ya 2008, watangazaji wa redio za lugha za mama walipotuhumiwa kuchochea chuki, na mmoja wao hata kufikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, lafudhi ile ile ilianza kusikika tofauti. Sisemi kwamba mzaha wa lafudhi ulisababisha mauaji. Nasema kwamba ulikuwa umetuzoesha kumtambua mtu kwa ulimi wake kabla ya kumsikiliza.

Kwa hiyo The XYZ Show ilipoanza 2009 kwenye runinga ya Citizen, ilikuwa na kazi ngumu. Mwasisi wake, Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa akichora katuni za gazeti la Nation tangu 1992, aliiga mfano wa vikaragosi vya runinga ya Ufaransa. Kikaragosi huanza kama sanamu ya udongo. Pua huvutwa, mashavu hujazwa, kisha hutengenezwa kalibu na kumiminwa mpira laini unaoweza kukunja uso. Nyuma yake wapo wenye kuendesha mikono na midomo, na mwingine anayetoa sauti. Kwa kuwa wote walirefushwa pua kwa ukatili uleule, Kibaki na Raila Odinga, mpinzani wake wa 2007, wakiwa pamoja katika serikali waliyoibatiza wananchi nusu mkate, haikuwa rahisi kwa jamii yoyote kulalamika kwamba imechekwa peke yake. Muhimu zaidi, kilichochekwa sasa kilikuwa mpango wenyewe wa kugawana vyeo, wenye mawaziri wapatao 40. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua ya mbele kabisa ambayo kejeli ya runinga imepiga Afrika Mashariki, japo iliendeshwa kwa kutegemea fedha za wafadhili, maana vikaragosi ni ghali na watangazaji wa biashara wanaogopa kuikasirisha serikali.

Baada ya uchaguzi wa 2013, washindi Uhuru Kenyatta na William Ruto wakikabiliwa na mashtaka ya ghasia zile huko The Hague, wito uliosikika kila mahali ulikuwa kwamba tuyakubali yaliyotokea na kusonga mbele, na mtu akifanya mzaha kuhusu kura alionekana mchochezi.

Waigizaji nao wakahamia upande wa pili. John Kiarie alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini 2017 na tena 2022. Mwaka huo wa 2022 Walter Mong'are alitaka urais, ingawa jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura, na mchekeshaji Phelix Odiwuor, yaani Jalang'o, akapata kiti cha Lang'ata. Wapo wanaouona uhamaji huu kuwa usaliti. Mimi siuoni hivyo, kwa sababu anayejua wapi pa kusita ili umati upige makofi ana ujuzi ambao siasa yetu imekuwa ikiulipa vizuri kuliko runinga ilivyowahi kuulipa.