Mashine Kando ya Unga

(Mazungumzo na wakazi katika ukumbi wa mtaa, Eastlands, Nairobi)

Asante mwenyekiti. Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, viti vipo huku mbele. Wengi wenu mmenisikia nikilisema jambo hili kanisani, kwenye baraza la chifu, hata matangani. Nalisema tena kwa sababu mashine ya kamari bado iko dukani.

Nianze na mtoto mmoja. Jina lake silitaji. Alikuwa darasani kwangu, kichwa kizuri cha hesabu. Jioni moja akatumwa unga na noti ya shilingi 200. Pale dukani, katikati ya beli za unga na kreti za soda, palikuwa na mashine ya taa za rangi rangi, ile inayokula sarafu ya shilingi 20. Mwenye duka akamvunjia noti bila kumwuliza anataka nini. Sarafu 10. Ya kwanza ikaliwa. Ya pili ikamrudishia 3, na hapo ndipo mtego ulipofyatuka. Mtoto wa hesabu akiweka mbili akapata tatu, haoni bahati. Anaona kanuni. Anajua sasa amegundua kitu ambacho watu wazima hawajakigundua, na mama atapata unga pamoja na nyama.

Saa mbili usiku hakuwa na hata ndururu. Akaogopa kurudi nyumbani. Tulimtafuta ploti kwa ploti tukiwa na tochi za simu, mama yake analia, mimi nimevaa kandambili. Saa tano tukampata kwenye steji, amejikunyata nyuma ya kibanda cha mkaa. Neno la kwanza alilosema, naomba mlisikie vizuri, alisema: "Mwalimu, ilikuwa imebaki kidogo tu."

Kesho yake nikaenda dukani. Nikamwomba mwenye duka anionyeshe leseni ya mashine. Akanyoosha kidole ukutani, kibali cha biashara hicho hapo. Nikasoma. Kinamruhusu kuuza bidhaa za rejareja. Nikamwambia, hiki ni cha sukari na sabuni, nataka cha mashine. Akasema mashine si yake, ni ya mtu anayekuja na pikipiki kila Jumatatu, anafungua sanduku, wanagawana. Jina lake? Halijui. Namba ya simu? Hupiga yeye. Kwa hiyo mtoto ameliwa shilingi 200 na mtu asiye na jina.

Nikaenda ofisi moja. Wakaniambia hiyo ni kamari, nenda ofisi ile nyingine. Ile nyingine ikaniambia mashine imo ndani ya duka, na duka limepewa kibali na wale, rudi kwao. Nilikwenda na kurudi mara nne. Nauli yangu ilikwisha, mashine ikaendelea kula.

Ndugu zangu, leseni si risiti. Risiti inasema umelipa. Leseni inasema umeulizwa maswali ukayajibu: wewe ni nani, unaweka nini, unakiweka wapi, nani ataingia, na kikiharibika tumtafute nani. Siku tulipoanza kuzihesabu leseni kwa pesa zilizoingia tu, yule wa pikipiki akapata njia.

Na msiambiwe kwamba haijulikani kazi hii ni ya nani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu inayotaja kazi za kaunti, limeandika burudani za umma, na ndani yake kamari, leseni za pombe, sinema na maonyesho ya video. Serikali ya kitaifa nayo imepewa kamari ya ngazi ya taifa. Wote wawili wana kazi. Wakibishana juu ya mpaka, wabishane, lakini mashine itolewe kwanza.

Naona kijana pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: mwalimu anataka kufunga vibanda vyetu vya gemu. Hapana, mwanangu. Kibanda cha pleistesheni, watoto wanne wanacheza mpira kwenye skrini, kila mmoja analipa kila mechi, anajua amelipia nini. Akishindwa ni kwa sababu mwenzake ni hodari. Huyo mwenye kibanda namtaka apate kibali cha bei anayoiweza, asikimbizwe na kanjo, askari wa kaunti, kila wiki, na saa za shule afunge. Basi. Ile ya sarafu ni kitu kingine kabisa. Hata ungeichezea miaka 20, mkono wako hauongezi kitu.

Tofauti hii imewahi kuusumbua mji mkubwa kuliko wetu. New York, mwaka 1942, meya La Guardia alipiga marufuku mashine za pinball, zile za kurusha kijipira ndani ya sanduku la kioo, akasema ni kamari inayowaibia watoto wa shule. Polisi wakazivunja kwa nyundo. Na siwezi kumlaumu sana, kwa sababu mashine za wakati ule hazikuwa na zile kafi mbili za kuupiga mpira. Ulisukuma mpira ukaomba Mungu. Kafi zikaja mwaka 1947, mchezo ukawa wa ustadi, lakini marufuku ikabaki palepale. Hadi mwaka 1976 kijana aitwaye Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani, akataja mapema mpira utapita wapi, na ukapita hapo. Marufuku ikaondolewa. Miaka 34! Mashine ilibadilika na hakuna aliyerudi kuiangalia. Hapa kwetu tumekosea upande wa pili: kamari imeingia dukani ikijiita gemu, na hakuna aliyeinama kuiangalia. Mkaguzi akiingia, swali ni moja tu: mchezaji akijifunza, atashinda zaidi? Kama jibu ni hapana, hiyo ni kamari, na kamari haikai kando ya unga.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengi juu ya pombe, nitayapitia mbio.

Sheria ya pombe ya 2010, ile mnayoiita ya Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni, ilisema leseni mpya isitolewe kwa duka la pombe lililo chini ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Baa ya kawaida ifunguliwe saa kumi na moja jioni, wikendi saa nane mchana, na ifungwe saa tano usiku. Aliye chini ya miaka 18 asiuziwe. Kaunti nayo ilitunga sheria yake mwaka 2014. Maombi ya leseni yanatakiwa kutangazwa, na mkazi yeyote anaweza kuandika pingamizi. Andika, mama. Usiseme tu pale kwenye mfereji wa maji. Pingamizi la mdomo halina faili. Habari ya kelele na habari ya wale wanaouza kwa vikombe asubuhi, tutayazungumza siku nyingine.

Jumamosi saa tatu tukutane kwenye lango la shule ya msingi. Kamba ninayo, ya mita 50. Tutaikunjua mara 6 kuelekea kila duka la pombe, na tukifika tutaandika jina la duka na namba ya leseni iliyo ukutani. Pasipo na leseni tutaandika hivyo. Wewe kijana uliyetikisa kichwa, mwandiko wako naukumbuka, ni mzuri. Njoo na daftari.