Pikipiki mbili, ndege mbili: Boelcke, Böhme na kamba ya Shume

HEMEDI: Haya wapendwa, karibuni tena. Leo tulipanga zile kanuni 8 za kupigana angani za Oswald Boelcke, rubani wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Kwanza, moja baada ya nyingine, lakini dada Zuhura naomba kwanza niseme ya Jumanne.

ZUHURA: Sema kaka, maana bendeji hiyo ya mkononi wasikilizaji hawaioni.

HEMEDI: Nilikuwa Mombo, basi la Tanga likaniacha stendi, nikadandia boda tulikimbilie, kumbe kuna jamaa mwingine kaachwa na yeye kachukua ya kwake, kwa hiyo pikipiki mbili zinafukuza basi moja na kila dereva macho yako kwenye basi tu. Lori likachomoza kutoka pembeni, wote tukalikwepa. Nilichosikia ni "tik", kioo cha pembeni kimegusa kioo cha mwenzake, kasauti kadogo kama kijiko kwenye kikombe cha chai. Nikajikuta chini, na helmeti niliyoivaa bila kufunga mkanda imeruka iko mtaroni.

ZUHURA: Ukanipigia hata vumbi hujajipangusa, eti "Zuhura, ni Boelcke hii!"

HEMEDI: Si ndiyo yenyewe? Tarehe 28 Oktoba 1916, kule Ufaransa kwenye vita vya Somme. Boelcke ana miaka 25, kashaangusha ndege 40, hakuna rubani aliyekuwa amefikia hapo. Yeye na rubani mwenzake wa kikosi, Erwin Böhme, wanafukuza ndege moja ya Mwingereza. Richthofen, rubani mwingine wa kikosi chao, yule aliyekuja kuitwa Baroni Mwekundu, naye anafukuza nyingine, na hiyo nyingine ikakatiza mbele yao. Wote wawili wakakwepa, gurudumu la Böhme likagusa bawa la juu la Boelcke. Kugusa tu. Bawa likachanika, likaja kung'oka. Na Boelcke hakuvaa helmeti, mkanda wa kiti nao hakuufunga vizuri. Ndege ikaanguka, akafa.

ZUHURA: Huyo Böhme sasa. Naomba nimwelezee maana wiki nzima nimekaa naye.

HEMEDI: Dada, kanuni 8...

ZUHURA: Dakika mbili tu. Böhme alikuwa na miaka 37, mtu mzima kwa urubani wa vita. Na kabla ya vita alikuwa wapi? Usambara! Ni injinia, wakati wa Mjerumani alikaa huku kwetu miaka sita akisimamia ujenzi wa ile njia ya kamba ya chuma, kutoka Mkumbara pale relini mpaka juu Shume, Wajerumani walipaita Neu-Hornow. Magogo ya mitarakwa yanakatwa msituni juu, yananing'inizwa kwenye kamba, yanashuka zaidi ya mita 1,000 mpaka kwenye treni ya kwenda Tanga.

HEMEDI: Subiri. Mkumbara hii hii? Mimi Jumanne nimeanguka hatua chache kutoka kwa huyu mtu?

ZUHURA: Ukitoka Mombo kuelekea Same unapita Mkumbara, angalia kulia. Ukuta ule wa mlima! Halafu uwaze kuvuta chuma mpaka juu kule, nguzo, kamba, saruji, na migongo iliyobeba ni ya watu wa huko huko. Mimi hilo linaniuma, maana barua za Böhme zilichapishwa kitabu, tunasoma alichokula na alichoota, ila mbeba nguzo wa Shume hatusomi popote.

HEMEDI: Hapo niko na wewe kabisa. Sasa turudi angani, tumetumia nusu ya kipindi kwenye kamba. Mimi nasema ile ajali haina mwenye kosa. Boelcke ndiye aliyewachagua Böhme na Richthofen kule kwenye uwanja wa vita dhidi ya Urusi, Agosti 1916, akawafundisha kwa mkono wake. Ilikuwa bahati mbaya, kama yangu, na dereva wangu simlaumu.

ZUHURA: Hapana kaka. Kosa ni la Boelcke. Kanuni ya 8 kaiandika mwenyewe: shambulieni kwa kikundi, na pambano likitawanyika msirundikane kwenye adui mmoja. Yeye akarundikana! Na siku hiyo ilikuwa mara ya sita anapaa. Mwalimu aliyechoka kavunja somo lake, halafu mzigo wa moyo akaubeba Böhme mpaka anakufa Novemba 1917.

HEMEDI: Unamhukumu mtu aliyejitosa mfereji wa Douai na magwanda yake yote kumwokoa mtoto wa Kifaransa asizame? Mtoto wa adui!

ZUHURA: Nampenda kwa hilo, tena sana. Ila kuogelea vizuri hakufuti kanuni ya 8. Na dereva wako ana kosa, macho yake yalikuwa kwenye basi.

HEMEDI: Mimi ndiye nilimwambia aongeze mwendo.

ZUHURA: Basi mna kosa wawili.

HEMEDI: Sikubali. Waingereza, aliokuwa anawaua, walimdondoshea shada la maua kutoka angani, wakamwita mpinzani jasiri na muungwana. Mtu mzembe hapewi hiyo.

ZUHURA: Sijasema mzembe, nimesema kachoka na hakuna aliyethubutu kumkataza. Shada la maua halijibu hoja yangu.

HEMEDI: Haya, tutabaki hivyo hivyo. Kanuni ya kwanza, hakikisha una faida kabla hujashambulia, ikiwezekana jua liwe mgongoni kwako. Ya pili...

ZUHURA: Kaka, zimebaki dakika mbili, wenye chumba wameshagonga.

HEMEDI: Basi zilizobaki hazipo leo. Mliopo Mkumbara, Mombo, Shume, kama babu au bibi alisimulia habari za ile kamba, tutumieni sauti, hata dakika moja.

ZUHURA: Na jina lake mlitaje, tafadhali. Jina kamili.