Mweusi Kapewa Kazi Gani Huko?

ZUHURA: Karibuni tena. Leo nimejipanga: mambo matatu ya kumsaidia fundi umeme aliyehamia nchi ngeni. La kwanza...

KOMBO: Dada, kabla ya la kwanza, nina kisa cha Jumanne.

ZUHURA: Haya, yameanza.

KOMBO: Nyumba kuukuu, hapa Uingereza. Nafungua swichi ya taa, nakuta waya mwekundu na waya mweusi. Mwenye nyumba kanisimamia mgongoni na kikombe chake, anasema, "Huo mweusi ni nyutro tu, waya wa kurudisha umeme, hauna kitu." Nikaweka kipimo. Volti 240!

ZUHURA: Si ndio waya wa kutoka swichini kwenda kwenye taa?

KOMBO: Enhe! Umeme unashuka swichini kwa mwekundu, unapanda kwenye taa kwa mweusi. Ukiwasha, mweusi ni moto, yaani una umeme. Aliyeufunga alipaswa kuuvisha alama nyekundu nchani, akauacha uchi.

ZUHURA: Na huko rangi zenyewe si zilibadilishwa?

KOMBO: Mpya zilianza kuruhusiwa 2004, na tangu Aprili 2006 kazi mpya lazima iwe kahawia kwa moto na bluu kwa nyutro. Sasa sikia vituko: kwenye fezi tatu za siku hizi, yaani umeme unaoletwa na nyaya tatu za moto, mweusi ni fezi ya pili. Yule mpole wa zamani kapandishwa cheo!

ZUHURA: Huku Kanada mweusi ni moto toka zamani. Nyutro ni mweupe.

KOMBO: Australia mweusi ni nyutro.

ZUHURA: Ala! Kwa hiyo mweusi akivuka mpaka tu, anabadilishiwa kazi.

KOMBO: Bila kuulizwa alikuwa nani kwao.

ZUHURA: (anacheka) Kombo, acha. Mwache mweusi wa watu. La kwanza: vyeti. Huku kwetu jimbo la Ontario huwezi kushika umeme wa watu kienyeji. Ni uwe na cheti cha fundi umeme, kama kile kiitwacho 309A, au uwe umeandikishwa kama mwanagenzi, anayejifunza kazi. Uanagenzi ni saa 9,000, kazini na darasani. Aliyetoka nje na uzoefu wake anapeleka ushahidi, akikubaliwa anafanya mtihani, na kufaulu ni asilimia 70.

KOMBO: Hapo sawa.

ZUHURA: Ila mimi namshauri asikae nyumbani akisubiri barua za ushahidi. Ajiandikishe, aanze kama saidia fundi.

KOMBO: Hapana.

ZUHURA: Hapana nini?

KOMBO: Mtu kafunga bodi za umeme za viwanda miaka nenda rudi, leo akambebee ngazi kijana aliyemaliza shule juzi?

ZUHURA: Abebe! Huku nyumba ni za mbao. Kebo inapitishwa kwenye matundu ya nguzo za ukuta, inabanwa kwa pini za stepo. Yeye kazoea kuchimba ukuta na kulaza paipu za nyaya. Hayo atayasomea kitabuni?

KOMBO: Atayajua kwa wiki chache, ni mikono ileile. Tatizo ni bosi. Akishakuonja kwa mshahara wa msaidizi, huku unamfanyia kazi ya fundi, ana haraka gani ya kukusainia saa zako za uanagenzi?

ZUHURA: Atafute bosi mwingine.

KOMBO: Kwa jina gani? Tayari ni saidia fundi. Mweusi kashapewa kazi yake!

ZUHURA: Usinichekeshe, nimekasirika. Mkono usioshika bisibisi mwaka mzima unapoa, Kombo. Na asiyejulikana saiti haitwi.

KOMBO: Afanye kazi nyingine yoyote, apate kula, huku akifuatilia barua za waajiri wake wa zamani. Barua ziseme alifanya jumla ya saa ngapi, na kazi zipi hasa: nyumba, viwanda, mota. Ile ya "alikuwa mfanyakazi mwema" haina msaada.

ZUHURA: Hilo la barua nakubali. La kukaa pembeni sikubali hata kidogo.

KOMBO: Basi usikubali.

ZUHURA: Sikubali.

KOMBO: (kimya kidogo) Kuna msikilizaji kauliza Marekani mweusi ana kazi gani.

ZUHURA: Moto, kama huku! Na muda ndio huo umeyoyoma, bado dakika moja. La pili na la tatu nimebaki nayo kwenye karatasi.

KOMBO: Sema la pili kwa ufupi.

ZUHURA: Halifupiki. Ni habari ya ukaguzi.

KOMBO: Basi mimi nimalizie hili: pima kipimo chako kwanza kwenye umeme unaoujua, kisha pima waya, kisha rudi ukipime kipimo tena. Kipimo kibovu nacho husema hakuna umeme.

ZUHURA: Hilo ndilo saidia fundi hufundishwa siku ya kwanza.

KOMBO: Na fundi wangu analijua kabla hajapanda ndege!

ZUHURA: Kombo, sijamaliza na wewe. Huyo bosi unayemsema...

KOMBO: Kwaherini, jamani.