Jinsi ya kufungua na kunywa Muscadet bila kuiharibu

Haya wadau karibuni tena, leo tupo jikoni na chupa moja tu, Muscadet, waini nyeupe ya karibu na Nantes, magharibi ya Ufaransa, kule mto Loire unakokaribia kuingia baharini. Hii nimeichukua kwa familia moja yenye kashamba kao, mzee mwenyewe ndo kanifungia kwenye boksi, na bei haikufika yuro 10, kwa hiyo hizo habari za waini ya Kifaransa ni ya matajiri tuziache kwanza.

Kabla hujagusa kizibo soma lebo. Nasogeza kamera... hapa, "Sèvre et Maine", hiyo ni mito miwili inayopita huko kwenye mashamba. Chini yake "sur lie", haya ndo maneno ya kutafuta. Waini ikishamaliza kuchachuka haihamishwi, inaachwa juu ya mashapo yake, yaani ile chachu iliyokufa ikatuama chini, inalala hapo kipindi chote cha baridi mpaka Machi ndo waanze kuijaza kwenye chupa. Na kwa yule mzee hukuti mapipa ya mbao, ana matangi ya zege yamechimbiwa ardhini, ndani yamepigwa vigae vya kioo, ukimulika na tochi unaona kama kisima.

Afu ona hapa, "mis en bouteille au domaine", imejazwa palepale shambani. Ukiona na kapicha ka mtu kabeba pipa juu ya kizibo, hiyo ni alama ya chama cha wakulima wa mizabibu wanaojitegemea, mi huwa naanzia hapo nikitaka ya familia.

Na jina lisikuchanganye, haina undugu na zabibu ya muscat ile tamu. Zabibu yenyewe inaitwa melon de Bourgogne na tikiti haihusiki kabisa, baridi kali ya 1709 iliua mizabibu mingi sana huko, hii ikaonekana ndo inavumilia, wakaipanda kwa wingi.

Sasa kuipoza. Masaa mawili kwenye friji yanatosha. Una haraka? Ndoo, barafu, maji, na chumvi kiganja kimoja, dakika 20 imeisha hiyo. Maji usiyasahau, barafu peke yake inagusa chupa sehemu chache tu. Friza hapana jamani, mi nilishawahi kuisahau humo usiku mzima, asubuhi kizibo kimesukumwa nje na waini imeganda kama ukwaju wa barafu. Inatakiwa nyuzi kama 10 hivi, ikizidi ubaridi ulimi unakufa ganzi husikii ladha yoyote.

Kufungua: kata hii karatasi ya juu chini ya mdomo wa chupa, ingiza kizibuo katikati, zungusha hicho kizibuo siyo chupa, vuta taratibu... hiyo. Futa mdomo. Sasa angalieni huku chini ya kizibo, mnaona vipunje vinang'aa kama chumvi ya mawe? Siyo vioo na haijaharibika, ni asidi ya zabibu yenyewe imegeuka chenga kwa ajili ya baridi. Kuna mtu najua alimwaga chupa nzima kisa hivi.

Mimina theluthi ya glasi, shika mguu wake maana kiganja kinapasha moto. Rangi imepauka, karibu maji, ina kijani kwa mbali. Nusa... limao, epo la kijani, na nyuma kuna harufu ya unga uliotiwa hamira, hayo ndo mashapo. Onja, usimeze haraka. Mmesikia inachoma kidogo kwenye ncha ya ulimi? Ni gesi iliyobaki kutoka tangini, ndo utamu wake, wala haijachacha upya. Ni kali kidogo, kilevi karibu asilimia 12, na ina kauchumvi fulani hivi, ndo maana wenyewe wanainywea na chaza wabichi. Huna chaza? Kamba au samaki wa kukaanga na limao, safi tu. Nyama choma usijaribu, itaimeza yote.

Ikibaki rudisha kizibo, iweke friji, siku 3 bado nzuri. Ya kwangu haifiki huko, nina kilo ya kome hapa, nakaanga kitunguu na siagi, namwaga glasi moja ya hii, kome ndani, funika, ngoja wafunguke midomo.